Sindano Isiyotaka Hasira

Saumu aliusikia moyo wa mama yake kabla ya kufungua mlango. Kipaza sauti cha ukutani kiliutangaza nyumba nzima, ukichechemea, ukisita, ukianza tena. Alipoishika sindano, iliwaka taa nyekundu ikagoma.

Katika mji ule, dawa ya moyo ulioshindwa ilichomwa polepole, na mtu mmoja tu aliyeandikishwa. Sindano ilipima kwanza mapigo ya mkono unaoishika. Mwenye hasira haikumfungukia.

"Bado umeninunia? Kwa ajili ya yule mchumba wako mwenye miguu ya korongo?"

"Ulimfukuza mbele ya wazee wake, mama."

"Na akirudi nitamfukuza tena." Bi Mwanakombo alihema. Miguu yake ilikuwa imevimba, midomo imeanza kupauka.

Saumu alifumba macho, akaimeza hasira kama anayemeza mfupa, mpaka taa ikawa kijani. Dawa iliingia taratibu. Ukutani, moyo ulishika mwendo, ukanguruma hata vikombe vikatetemeka kabatini. Saumu aliduwaa, nguvu zote zile zilikuwa zimepita chini ya kidole gumba chake.

"Nakuahidi, mama," alisema, "maadamu uko hai, sitakukasirikia tena."