Kapsuli Iliyoelea

Baba Anwari alitumbukiza kidonge kwenye bakuli la maji, kikazama. Akatumbukiza kapsuli, ikaelea.

"Nilijua! Haina kitu."

Ndivyo alivyochagua mbegu za mikorosho miaka yote: inayozama hupandwa, inayoelea hutupwa.

Vidonge alikuwa amevimeza mwezi mzima, na mkojo bado ulimtoka kwa shida. Daktari alisema vinasinyaza tezi dume, ila huchukua miezi. Akamwongezea kapsuli, zimlegezee njia ndani ya siku chache. Mkojo ukiziba tena, alimwonya, atarudishiwa mpira wa kutolea mkojo. Lakini kapsuli zenyewe alizinunua Masasi, kwa mtu ambaye msimu uliopita alikuwa akinunua korosho. Tangu biashara iwe huria, kila mtu aliuza chochote.

"Na wewe tukikutumbukiza humo, Baba Anwari?" mkewe alicheka. "Ulivyojaa maji, utazama tu."

"Cheka. Mizani ya korosho ya yule bwana ilikuwa inasema uongo."

Mama Anwari aliiopoa kapsuli, akaifungua kwa kucha. Chembe nyeupe, ndogo kuliko ulezi, zilimwagika kiganjani mwake.

"Haya, tupu iko wapi?"

Baba Anwari aliinama, akazinusa. Hazikunuka chochote. Hata unga wa muhogo ungenuka kidogo.

Kibofu kikambana. Akatoka hadi nyuma ya nyumba, akasimama, akasubiri sana. Yakatoka matone matatu.

"Mama Anwari," aliita bila kugeuka. "Niletee nyingine. Hiyo usiifungue."