Msindikizaji

“Daraja,” mzee alinong'ona sikioni mwa mkewe.

“Baba, nimekusikia,” daktari alisema bila kuinua uso.

“Si anasahau! Nifanyeje, nimtazame tu anavyozama?”

Daktari alitabasamu, akaacha yaendelee. Muda mfupi kabla alikuwa ametaja maneno matano, wakapiga soga kidogo kuhusu mvua, kisha akamtaka mama ayarudie. Mama alisema “sindano”, akakwama, akamgeukia mumewe kama kawaida yake.

Mzee hakuwa mtu wa hospitali. Hata homa aliipuuza mpaka ikamchoka yenyewe. Lakini kumsindikiza mkewe kwenye vipimo hivi hakukosa hata safari moja. Jambo lenyewe halikuwa dogo: jikoni kwao gesi ilikutwa imeachwa wazi, na binti yao alishaapa kwamba ikitokea tena, mtoto wake hatashinda kwa babu na bibi. Na mjukuu huyo ndiye aliyekuwa furaha yote ya nyumba ile.

“Ila na wewe daktari,” mzee alilalamika, “kila tukija unambadilishia maneno. Atashika vipi?”

“Nikirudia yaleyale, baba, nitapima mazoea badala ya kumbukumbu.”

“Haya, mama watoto, umesikia. Kaza kichwa. Sindano, daraja, halafu?”

Mama alimtazama, akangoja. Zamani angekuwa ameshapenyezewa yote, na utani juu. Safari hii mzee alikohoa, akapangusa miwani, akasomasoma tangazo ukutani.

“Malizia mwenyewe,” alisema hatimaye. “Nikikutafunia kila kitu, utameza lini?”

“Nimesahau, mume wangu.”

“Unaona, daktari? Kichwa kama chujio!” Alicheka, lakini peke yake. “Usijali, mke wangu. Mimi nipo. Nitakumbuka kwa niaba yetu sote wawili.”

Daktari akamwomba amletee mama maji ya kunywa kutoka ukumbini. Mzee aliinuka upesi, akampigapiga mkewe begani, akatoka.

Mlango ulifungwa nyuma yake.

“Mbuzi, pazia, asali,” mama alitaja taratibu. “Safari iliyopita alinipa matatu.”

“Leo moja tu, mama.”

Mama akajifuta macho haraka, kabla mgonjwa hajarudi na maji.