Pindo la Joho la Mfalme

Mfalme aliapa kumfukuza mjini aliyeleta tauni, hata akiwa wa nyumbani mwake. Fundi cherehani akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Maskini, anajichimbia kaburi; hajui kuwa ni yeye mwenyewe," mkewe alisema.

Walikuwa sebuleni, wakitazama kwenye televisheni mchezo wa kale wa Wagiriki uliorekodiwa jukwaani. Joho la mfalme alilishona fundi. Lilinusurika moto uliozuka dukani kwake kwa sababu alikwenda nalo nyumbani jioni ile. Asubuhi walikuta nusu ya duka imeungua, kwa kuwa pasi iliachwa bila kuchomolewa.

Mpiga pasi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alilia, akaapa kwamba aliichomoa. Fundi alitia pamba masikioni, akamfukuza mbele ya wateja. Tangu hapo hajakanyaga kwao.

Kamera ikasogea. Pindo la joho likajaa kioo kizima, na mkunjo mmoja ulikuwa umelalia kushoto, kinyume na wenzake.

Shemeji yake hakuwa na mkono wa kukosea vile. Mkunjo ule fundi aliupiga pasi mwenyewe mwishoni jioni ile, shemeji akishakwenda zake, huku waigizaji wakimharakisha kwa simu.

Akainyakua rimoti aongeze sauti, lakini kidole kilikuwa kimelowa jasho, kikateleza.

Mfalme aliuliza tena ni nani aliyeleta tauni.

"Hebu rudisha nyuma kidogo," mkewe alisema taratibu, bila kumtazama. "Nilione tena lile pindo."