Pacha wa Shujaa Radi

Kila msimu mpya wa katuni ukianza, mashabiki hurekebishwa kumbukumbu kwanza, ili hadithi isijipinge. Safari hii mimi nilikwepa. Siwaamini watengenezaji wake.

"Radi hakuwahi kuwa na pacha," dada yangu Mwanahawa alisema, akimenya viazi.

"Alikuwa naye! Alipozama tulilia sote watatu, sebuleni hapa."

"Acha uzushi, Zamda."

Zamani angebishana nami mpaka povu limtoke. Sasa alitabasamu tu. Nikaingiwa na shaka.

"Haya, na sisi tumezaliwa wangapi?"

"Swali gani hilo? Wawili."

Mlango ukafunguliwa. Kaka yetu Shaali akaingia na mkate, kama kila jioni.

Mwanahawa akafuta mikono, akasimama kwa heshima.

"Karibu," akamwambia. "Unamtafuta nani?"