Kila Jua Likizama

Mistari miwili kwenye skrini ilikataa katakata kupatana. Wa bluu ulitoka kwa setilaiti, iliyopima gesi fulani juu kabisa ya mawingu. Mwekundu ulitoka kwa modeli ya tabianchi, iliyokisia gesi hiyo hiyo kwa hesabu za kompyuta. Mkuu wa maabara alikwishakata shauri: kesho modeli inatupwa.

Bi Ozoni, aliyeilea modeli hiyo kama mwanawe wa kumzaa, alikuwa akitafuna kifuniko cha kalamu simu ilipolia. Mama yake.

"Uko wapi?"

"Kazini, mama."

"Kila nikikupigia, kazini! Kwani wewe nyumbani hulali?"

"Nalala, mama. Ila wewe hunipigia jua likizama tu. Ungepiga saa nyingine ungeni..."

Kifuniko kikamdondoka mdomoni.

Setilaiti nayo hupima jua likizama tu! Modeli ilikuwa ikitoa wastani wa usiku na mchana, na gesi ile jua likiwapo hupungua, likiondoka huongezeka. Hakuna aliyewahi kulinganisha saa kwa saa.

Akaibana simu begani, akaiamuru modeli itoe hesabu za jua kuzama peke yake. Mstari mwekundu ukafutika, ukaanza kujichora upya, polepole, ukaulalia ule wa bluu mgongoni.

"Mbona umenyamaza?"

"Mkuu!" Bi Ozoni akapiga kelele kuelekea chumba cha pili. "Mkuu, njoo uone! Mama, usikate!"

"Makubwa," mama akasema. "Kumbe na mkuu wako naye hana kwao?"