Kazi ya Idarusi ni Kuzama

Idarusi alizama vizuri sana asubuhi ile. Alitapatapa, akainua mkono mmoja, akamwita mama yake, kisha akatoweka na kuacha mapovu. Kule ufukweni wanachama wakapiga makofi.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Chama cha Waogeleaji cha Ngamiani hakikuwa na mtu wa mshahara. Mwaka ule wa 1956 kila mmoja alijitolea kwa alichokiweza. Abrahamu, karani wa reli, alikuwa mwenyekiti na mpuliza filimbi. Bi Mwanamkasi alilinda nguo na kupika kahawa ya tangawizi. Mume wake, Mzee Sadalla, alikuwa mwokoaji. Na kwa kuwa mwokoaji hawezi kufanya mazoezi bila mtu wa kuokolewa, kila Jumapili Idarusi alipelekwa kwa mtumbwi mpaka kwenye kina, mbele ya ufukwe wa Raskazone, akazama.

Mzee Sadalla aliipenda kazi yake kupita kiasi. Nusu ya wanachama alikuwa amewafundisha yeye kuogelea, Idarusi akiwamo, na hakuna Jumapili aliyoshindwa kumleta mtu wake nchi kavu. Lakini miaka ilikwisha kumwingia magotini, na mwezi uliofuata kulikuwa na mashindano na watu wa Pangani. Ndipo Abrahamu, kwa adabu zote, akaleta shauri kwamba mwokoaji apatikane kwa kushindana. Atakayeshindwa atakwenda kulinda nguo.

Kulinda nguo maana yake ni kukaa mkekani chini ya amri ya Bi Mwanamkasi, ambaye tayari alimtawala Sadalla nyumbani tangu siku ya harusi. Bibi yule hakuificha furaha yake. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kumtengea mume wake nafasi mkekani, na mto wa kukalia juu yake. Mzee Sadalla aliuona ule mto. Aliogopa kweli.

Mshindani wake alikuwa Ernesti, kijana wa kutoka mashamba ya mkonge, mwenye mabega mapana kama mlango. Alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akainamisha kichwa kwa huruma. Sadalla aliitikia marahaba, lakini huruma ile ilimuuma kuliko magoti.

Ernesti alitangulia. Kwenda, alikata maji kwa kasi iliyowafanya watu wasimame. Kurudi kukawa balaa. Idarusi alimlemea, akamzamisha mara kwa mara, na maji nayo yalikuwa yanakupwa, yanawavuta wote wawili kuelekea nje. Mwishowe alipomfikisha mchangani, Ernesti alianguka kando yake akihema.

"Mzito kama robota la katani," alisema.

Wote waliowahi kumwokoa Idarusi waliafiki. Mzee Sadalla akatabasamu. Kwake yeye Idarusi hakuwa mzito hata siku moja, na sababu alikuwa akiwaeleza kila Jumapili, ila vijana hawasikii.

"Mtu anayezama habebwi kwa nguvu," alisema huku akikaza kaptura yake. "Anabebwa kwa ujuzi."

Idarusi akarudishwa kwenye kina, akazama tena, safari hii vizuri zaidi. Filimbi ikalia. Sadalla alifika kwake polepole, hata watu wakaanza kutazamana. Akampitishia mkono kifuani, akamlaza chali juu ya maji, akageuka. Kama kawaida, mtu akawa mwepesi kama kifuu cha nazi. Vigelegele vikaanza kusikika. Hata Bi Mwanamkasi aliinuka mkekani, na alikuwa akishangilia upande wa mume wake.

Walipofika nusu ya njia, msuli wa paja ukamkaza Sadalla, kisha wa paja la pili. Akauma meno, akajaribu kupiga maji, miguu ikakataa kabisa. Mkono wake uliokuwa huru nao ukalegea. Basi yamekwisha, akajiambia. Sasa maji yatawarudisha nje mbele ya macho ya watu wote, naye atakalia ule mto mpaka siku ya kufa. Akafumba macho, akangoja kuvutwa.

Hakuvutwa. Alipofumbua macho aliona ufukwe unazidi kusogea, kwa mwendo uleule wa kila Jumapili. Akamtazama Idarusi: macho kayafumba, kinywa kakiacha wazi, ulimi nje, maiti kamili.

"Chezesha japo mkono, mzee wangu," maiti akanong'ona. "Watu wanatuangalia."