Chuma cha Baba Adela

Radi ilipopasua mti wa jirani pale Malangali, Vitus alikuwa zamani kashaingia chini ya kitanda, mkono wa kulia kauviringishia kanga mbili.

Si uoga wa bure, jamani. Mkono ule ulikuwa na chuma. Mwaka tisini na tano, mifupa ya kifundo ilipoachana, daktari mgeni alimpa achague: pini za chuma, ambazo angerudi zitolewe, au pini za kisasa zinazoyeyuka zenyewe mwilini.

Vitus akawaka. "Kinachoyeyuka ni sukari! Mkono wangu kikombe cha chai?" Akataka chuma. Wakampa dawa ya usingizi. Alipozinduka, mkewe, Mama Adela, akamwambia kazi imekwisha.

Basi, kile chuma kikawa mfalme wa nyumba. Jembe hashiki. Fimbo ya ng'ombe hashiki. Hata mbu akimtua shavuni, anaitwa mtu mwingine amuue. Mvua zikianza, Mama Adela huenda kupiga matuta peke yake, mumewe kajifungia ndani radi isimwone. Majirani walimhurumia mama wa watu mpaka wakachoka.

Lakini radi ya safari hii, miaka mitatu baadaye, ilipiga hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Vitus akatoka uvunguni. "Kesho naenda kukitoa. Kitaniua!"

Majirani wakashangilia. Ajabu, Mama Adela akanuna. "Kiache, Baba Adela. Kimekuomba ugali?"

Vitus akaenda hospitali hivyo hivyo. Daktari wa zamu akampiga picha, akaitazama, akafungua faili.

"Chuma gani, mzee? Siku ile pini za saizi yako zilikosekana, ukawekewa za kuyeyuka. Mkeo ndiye aliyetia sahihi, akaombwa akueleze. Mkono huu mzima siku nyingi."

Vitus alirudi mbio. Miaka mitatu uvunguni! Miaka mitatu mtaa mzima unamcheka! Akamkuta mkewe shambani, mgongo umepinda, matope hadi magotini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na unalima peke yako shamba lote hili! Ulikuwa unapata faida gani, mwanamke?"

Mama Adela akautazama kwanza ule mkono wa kulia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Miaka mitatu sijapigwa."